Urithi Wasiozaliwa Nao: Keki na Zaburi za Nabugoye

Jumamosi katika nchi hii ya Nyanza Kusini huwa siku mbili katika moja. Kwa mvuvi na mchuuzi wa omena pale ufuoni Sindo, ni siku ya kazi kama nyingine. Kwa jirani yake Msabato, ni siku ya kuweka jembe chini, kuvaa nguo safi na kuelekea kanisani. Mambo yamekuwa hivyo tangu mwaka 1906, Arthur Carscallen na wenzake walipofungua misheni ya Waadventista huko Gendia, karibu na Kendu Bay. Mtoto wa Sindo, hata awe Mkatoliki, Mlegio au Mnomiya, hukua akijua kwamba wako watu wanaoianza siku takatifu Ijumaa jua litwapo. Asilolijua aghalabu ni kwamba ng'ambo ya mpaka, chini ya Mlima Elgon, wako Waafrika wengine waishikao siku hiyohiyo, wala si kwa jina la Kristo bali kwa Torati ya Musa peke yake. Na miongoni mwao ametokea mtunzi wa nyimbo ambaye, kwa maoni yangu, walimu wa fasihi wa sehemu hizi wangestahili kumtaja darasani.

Mtunzi huyo ni Joab Jonadab Keki, ajulikanaye zaidi kama J.J. Keki, mkulima wa kahawa aliyezaliwa mwaka 1960 karibu na mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Watu wake huitwa Abayudaya, neno la Kiganda lenye maana ya Wayahudi. Hawadai kwamba babu zao walitoka Yerusalemu. Hawasemi kwamba wao ni kabila lililopotea la Israeli, dai ambalo limesikika mara nyingi katika bara hili, na ambalo hata hapa kwetu halikosi wapenzi. Wao husema wazi kwamba babu zao walikuwa Waganda, Wagwere na Wagisu waliosoma kitabu, wakakiamini, wakakifuata kilikowapeleka. Ukweli huo ndio unaonivutia, maana unatuuliza swali gumu: je, mtu aweza kuwa na urithi ambao hakurithi?

Ili kumwelewa Keki hatuna budi kurudi nyuma hadi kwa Semei Kakungulu. Huyu alikuwa jemadari wa Kiganda, Mprotestanti aliyesomeshwa na wamishenari wa CMS, na mmoja wa waliowasaidia Waingereza kuwanasa wafalme Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda mwaka 1899. Baada ya hapo aliingia nchi za mashariki na jeshi lake akaziweka chini ya bendera ya Uingereza. Tusimpambe: Wagisu na Waiteso wanamkumbuka kama mtekaji, na mashamba aliyowagawia watu wake hayakuwa mapori yasiyo na wenyewe. Alitarajia malipo makubwa, pengine hata ufalme. Alichopata mwaka 1902 ni kuondolewa kwenye madaraka aliyojijengea na kupewa ardhi ya maili mraba 20 huko Mbale. Baadaye wakampeleka Busoga kuwa mkubwa wa machifu, kisha hilo nalo likaisha.

Mtu aliyevunjwa moyo na wakubwa hutafuta kitabu. Biblia nzima ilikuwa imekwisha kutafsiriwa kwa Kiganda mwaka 1896, na Kakungulu aliisoma kwa jicho la mtu asiyetaka tena kuelezwa na mzungu maana ya aya. Kwanza akajiunga na Wamalaki, madhehebu ya Malaki Musajjakawa yaliyokataa dawa za hospitali na kuishika Jumamosi kuwa siku ya ibada. Lakini aliposoma juu ya tohara katika vitabu vya Musa, hakuona sababu ya kuishika amri moja na kuiacha nyingine. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Wenzake Wamalaki wakamwambia kwamba jambo hilo ni la Wayahudi. Naye, kama jamii yake inavyosimulia hadi leo, akajibu kwamba ikiwa ni hivyo, basi wao ni Wayahudi.

Msomaji wa kwetu ataona uzito wa tendo hilo haraka kuliko msomaji wa Ulaya. Waganda hawakuwa na jadi ya tohara. Wagisu, ambao Kakungulu alikuja kuishi kati yao, wanayo imbalu yao mashuhuri, ambayo vijana huikabili wakisimama wima mbele ya umati. Huku kwetu Wajaluo walitambulishana kwa kung'oa meno ya chini, si kwa kisu, na bado Johana Owalo alipoanzisha dhehebu la Nomiya katika miaka hiyohiyo aliagiza tohara kwa wafuasi wake. Kwa hivyo Kakungulu hakuwa kichaa wa pekee. Zama hizo Afrika Mashariki ilikuwa imejaa watu waliokuwa wakiisoma Biblia kwa lugha zao na kugundua kwamba wamishenari walikuwa wameruka kurasa kadhaa.

(Hapa nizuie kosa moja linalorudiwarudiwa katika insha za wanafunzi. Ule mpango ulioitwa wa Uganda, ambao serikali ya Uingereza ilimpa Theodor Herzl mwaka 1903 ili Wayahudi wa Ulaya wapate makao, ulihusu nyanda za Uasin Gishu, ambazo leo ziko Kenya. Mkutano wao wa mwaka 1905 huko Basel uliukataa. Hauhusiani na Abayudaya hata chembe.)

Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kwa Kiganda kitabu cha kanuni na sala cha kurasa zipatazo 90. Katika miaka hiyo alikutana pia na Myahudi mgeni, aliyejulikana kwa jina la Yosef tu, akamfundisha kalenda ya sikukuu, namna ya kuchinja na baadhi ya desturi ambazo kitabu peke yake hakikuweza kumwonyesha. Kakungulu akafa Novemba 1928. Alichoacha kilikuwa jumuiya isiyo na rabi wala fedha, iliyojua Kiebrania kidogo sana. Ilikuwa na kitabu na sauti za waumini. Ule wimbo wa Musa unaofunga safari yake, katika sura ya 32 ya Kumbukumbu la Torati, ulishika nafasi kubwa katika ibada yao, ukaimbwa kwa Kiganda kizazi baada ya kizazi. Wako watu waliohifadhiwa na majeshi, na wako waliohifadhiwa na mali. Hawa walihifadhiwa na kuimba, na nikisema hivyo sisemi kwa mafumbo, maana hapakuwa na chombo kingine.

Kisha likaja giza. Idi Amin alitwaa serikali mwaka 1971, na katika utawala wake dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku. Keki alikuwa mtoto wa miaka 11. Masinagogi yalifungwa au yakaachwa yaanguke. Walioendelea kusali walisali usiku ndani ya nyumba, kwa sauti ya chini, huku mtu akilinda mlangoni. Familia ya Keki husimulia jinsi baba yake alivyokamatwa na vibaraka wa utawala, na jinsi alivyokombolewa kwa mbuzi watano. Wengi walichoka, wakaingia Ukristo au Uislamu, na sidhani kwamba yeyote kati yetu ana haki ya kuwalaumu. Amin alipoangushwa mwaka 1979, jamii iliyohesabika kwa maelfu ilikuwa imebaki na mamia tu.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, vijana wachache, Keki akiwamo pamoja na Gershom Sizomu, mjukuu wa Samson Mugombe aliyeiongoza jamii baada ya Kakungulu, waliamua kuishi na kulima pamoja juu ya kilima cha Nabugoye. Makao hayo waliyaita kwa jina waliloliazima Israeli, kibutsi. Walitaka kukirudisha kilima na kuwarudisha vijana wenzao. Lakini kijana harudi kwa sababu mzee amemwita. Basi wakachukua gitaa, wakaanza kuzitia Zaburi sauti mpya.

Hapo ndipo penye somo la fasihi, na naomba mwalimu anivumilie nikikaa hapo kidogo. Zaburi za Kiebrania hazina vina wala mizani kama tuvijuavyo katika shairi la Kiswahili. Mshairi wa kale wa Kiebrania hakuoanisha silabi za mwisho, alioanisha mawazo. Husema jambo katika kipande cha kwanza, akalirudia kwa maneno mengine katika kipande cha pili, au akalipinga, au akaliongeza kimo. Ushairi wa namna hiyo hauharibiki sana ukitafsiriwa, kwa kuwa uzuri wake hauko katika mlio wa maneno bali katika mpangilio wa fikra. Ukiuingiza katika Kiganda unasimama. Isitoshe, unaingia moja kwa moja katika mtindo ambao Mwafrika anaujua tangu ngomani: mmoja anaanza, wengi wanaitikia. Kipande cha kwanza cha mstari huwa cha kiongozi, cha pili huwa cha umma. Mtu angedhani Daudi aliwatungia watu wa Mbale.

Liko na jambo la toni. Kiganda, kama Kijaluo na Olusuba, ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana. Wamishenari walipochukua nyimbo za Kizungu na kupachika maneno ya Kiafrika juu ya tuni za London na Berlin, mara nyingi tuni ilipanda pale neno lilipotaka kushuka, na mwimbaji akajikuta anatamka jingine. Wazee wa makanisa yetu wamezoea hata hawasikii tena. Mtunzi aliyezaliwa ndani ya lugha hafanyi hivyo. Anaanza na jinsi neno linavyosemwa, kisha anatafuta tuni itakayolifuata. Ndiyo sababu Zaburi za Nabugoye, hata kwa asiyejua Kiganda, husikika kama mtu anayezungumza na mtu aliye karibu naye, si kama kwaya inayosoma barua iliyotoka mbali.

Nyimbo hizo hatimaye zilivuka bahari. Mwaka 2003 shirika la Smithsonian Folkways la Marekani lilitoa albamu ya muziki wa Abayudaya iliyokusanywa na Jeffrey Summit, rabi na mtaalamu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Tufts, nayo ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Humo mna Zaburi, sala za Sabato kwa Kiebrania zilizotiwa sauti za Mbale, na pia nyimbo za kubembelezea watoto. Msikilizaji anayetafuta mambo ya ajabu ya Afrika atavunjika moyo. Atasikia watu wanaosali.

Wakati huu ni vyema nimtaje mtunzi mwingine, ambaye wanafunzi wengi wamemsikia redioni bila kujua jina lake. Leonard Cohen, mshairi wa Kanada aliyezaliwa Montreal mwaka 1934 na kufariki mwaka 2016, alikuwa na kila kitu ambacho Keki hakuwa nacho. Jina lake la ukoo maana yake ni kuhani. Babu yake mzaa mama alikuwa rabi. Sinagogi la utotoni mwake lilikuwa limesimama kabla hajazaliwa na limesimama hadi leo. Naye alitanga. Alikaa miaka katika makao ya watawa wa Kibudha wa Zen katika mlima wa California, akatawazwa kuwa mtawa mwaka 1996, lakini hakukubali kamwe kwamba ameiacha dini ya wazee wake. Wimbo wake wa mwaka 1974 juu ya nani atakufa kwa njia gani aliujenga juu ya sala ya kale ya siku kuu za toba. Katika albamu yake ya mwisho, iliyotoka wiki chache kabla ya kifo chake, wanaimba waimbaji wa sinagogi lilelile la Montreal.

Nimewaweka wawili hawa pamoja kwa makusudi. Cohen alipewa nyumba, akatoka nje, akazunguka, akarudi kuketi barazani. Keki alizaliwa katika nyumba ambayo babu zake waliijenga kwa udongo wa kusoma, kisha dola ikaibomoa akiwa mtoto, naye akashiriki kuijenga upya. Huyo wa kwanza angeweza kuisahau dini yake na bado wote wangemwita Myahudi. Wa pili, pamoja na kuishika, ameulizwa mara nyingi athibitishe. Mwaka 2002 jopo la marabi wa madhehebu ya Konsavativu walikuja Uganda, na mamia ya Abayudaya wakafanyiwa taratibu rasmi za kuingia katika dini ambayo jamii yao ilikuwa imeishika kwa miaka 80 na zaidi. Fikiria fadhaa ya mzee aliyesali gizani zama za Amin, leo anaambiwa aingie majini ili awe vile alivyo. Wengi walikubali, wengine waliona ni kama kutukanwa. Upande wa Putti, wako waliofuata njia ya Kiothodoksi. Na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Israeli ilimkatalia mmoja wa vijana wao haki ya kuhamia huko kama Myahudi.

Nimewahi kusikia hoja, tena kutoka kwa watu wenye shahada, kwamba hawa walijitwika Uyahudi ili wapate misaada ya Marekani. Hoja hiyo haijui kalenda. Mwaka 1919 hapakuwa na msaada wowote. Kakungulu alizidi kupoteza heshima mbele ya Waingereza. Mwaka 1975 kuitwa Myahudi nchini Uganda kulikuwa hatari. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1990 wageni wamekuja, shule zimejengwa, na sinagogi kubwa likafunguliwa Nabugoye mwaka 2016. Lakini mtu aliyepanda mti wakati wa ukame hawezi kusutwa kwa kuwa mvua ilinyesha baadaye.

Keki mwenyewe aliutumia umaarufu kwa namna isiyotarajiwa. Tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa New York, amekwenda kuyatazama majengo marefu ya World Trade Center, akayashuhudia yakishambuliwa. Mtu mwingine angerudi na hadithi ya kusimulia. Yeye alirudi na swali: kama watu waweza kuuana kwa ajili ya dini, je, hawawezi kufanya kazi pamoja kwa ajili ya dini? Mwaka 2004 akawazungukia majirani zake Wakristo na Waislamu, nyumba kwa nyumba, wakaunda ushirika wa kahawa ulioitwa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Walipata mnunuzi huko California, kampuni ya Thanksgiving Coffee, aliyekubali kulipa bei ya haki. Na kwa kuwa ni Keki, wakulima hawakuishia kuchuma. Walitunga nyimbo: juu ya kuchagua kahawa iliyoiva, juu ya ada za shule, juu ya Musa, Yesu na Muhammad kukaa kijiji kimoja. Baadhi ziliimbwa kwa gitaa, nyingine kwa marimba makubwa ya Kisoga. Nazo zilitolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2013.

Wanafunzi watauliza: wimbo wa kahawa una roho gani? Mimi naona ndipo roho ya mtunzi huyu inapojulikana zaidi. Katika dini ya Kiyahudi sala haiachani na shamba. Torati ina sheria za mavuno, za kumwachia maskini masuke, za mizani isiyodanganya. Mtu anayeimba Zaburi Ijumaa jioni na Jumatatu akaimba juu ya ratili sahihi ya kahawa hajabadilisha somo. Sizomu naye alikwenda Los Angeles, akatawazwa kuwa rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi, wakampeleka bungeni.

Na sisi wa Sindo tunaingiaje? Simulizi za Abasuba husema wazee wao walivuka ziwa kutoka Buganda na Busoga, wakakimbilia Mfangano, Rusinga na vilima vya Gwassi. Walikuja na lugha iliyo jirani ya hicho Kiganda anachokiimba Keki. Leo Olusuba imewekwa na UNESCO katika orodha ya lugha zilizo hatarini. Hakuna Amin aliyeipiga marufuku. Tuliiweka chini polepole, sokoni, kanisani na shuleni, kwa kuwa Kijaluo kilikuwa kinatosha. Silaumu, mimi mwenyewe naandika haya kwa Kiswahili. Lakini inanishangaza kwamba watu wa Nabugoye waliweza kushika kitu ambacho hakikuwa cha damu yao hata kidogo, ilhali Wasuba, ambao Olusuba ni ya damu yao, wako nyumbani mwao babu anayeimba na wajukuu wasiomwelewa.

Mwalimu wa fasihi simulizi ana kazi mbili hapa ambazo hazihitaji bajeti. Awape wanafunzi Zaburi yoyote katika Kiswahili, Kijaluo na, ikiwezekana, kwa Olusuba, wazitazame jozi za mawazo. Kisha awatume kwa wazee wakarekodi wimbo mmoja kwa simu, waandike maneno yake, waonyeshe tuni inapanda wapi na neno linapanda wapi. Watakaotaka kuisikia kazi ya Keki ilikotungwa, safari si ndefu mno: Homa Bay, Kisumu, Busia, Tororo, Mbale, kisha mwendo mfupi hadi kilimani. Wafike Ijumaa kabla ya machweo, maana jua likishatua hakuna wa kuwauzia chochote, na ibada huwa imekwisha kuanza.